Karani Hajambo

Kwa miaka thelathini na mmoja Fundi Gundi alishona vitabu katika kiwanda cha uchapaji cha serikali. Jina hilo alipewa na wenzake kwa sababu gundi ya unga haikuwahi kumtoka kwenye kucha, hata siku ya harusi yake. Alipostaafu alibeba jiriwa lake la mbao la kubania vitabu, mfupa wa kukunjia karatasi na sindano nne nene, akaanza kufanyia kazi nyumbani. Alipanga vyumba viwili kwenye ua wenye wapangaji watano, bomba moja na kamba tatu za kuanikia nguo. Shule zilimletea madaftari ya mahudhurio yaliyovunjika migongo, naye aliyashona upya mezani karibu na dirisha, kimya, kama mtu anayefunga kidonda.

Hakuwa mtu wa maneno. Ukimsalimia alijibu, ukimuuliza habari alisema nzuri, na hapo mazungumzo yalikuwa yamefika mwisho. Marehemu mkewe alikuwa akisema kumtoa mumewe neno ni kama kung'oa msumari kwa meno.

Mkewe alikuwa amefariki miaka tisa iliyopita. Mtoto wao wa pekee, binti, aliishi nchi ya mbali, ameolewa huko, na alifanya kazi katika maabara ya hospitali. Nyumbani Fundi aliishi na paka, dume la kijivu lenye kifua cheupe, ungesema kavaa shati. Paka huyo hakuwa wa Fundi. Binti ndiye aliyemwokota, yeye akiwa na miaka kumi na minne na paka akiwa saizi ya kiatu cha mtoto, na ndiye aliyempa jina la Karani, kwa kuwa kila alipofungua daftari kufanya kazi za shule paka alikuja kulikalia, akikunja mikono yake na kutazama watu kama karani aliyeambiwa faili lisitoke ofisini. Sasa Karani alikuwa na miaka kumi na saba. Kwa paka, huo ni uzee wa kushika mkongojo.

Kila Jumapili saa nne asubuhi simu iliita.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mama. Hujambo?"

"Sijambo. Karani hajambo?"

"Hajambo. Huyu hapa."

Fundi aliipeleka simu kwenye masharubu ya paka. Binti alimwita huko aliko, Karani alilia mara moja au mbili, binti alicheka, kisha wakaagana. Dakika nne, tano zikizidi. Hakuuliza baba anakula nini wala anaishije, na baba hakusema.

Ua mzima ulijua sababu, ingawa hakuna aliyeitaja mbele ya Fundi. Mkewe alipougua ini, binti alikuwa huko huko ng'ambo, mwaka wa mwisho wa chuo, na mitihani ilikuwa imebakiza miezi mitatu. Fundi aliamua asiambiwe. "Tusimvuruge mtoto," aliwaambia ndugu, na dada yake mkubwa, shangazi wa binti, akamuunga mkono. Kwa wiki kumi na moja, kila binti alipopiga simu aliambiwa mama katoka, mama kalala, mama ana mafua, sauti imemkauka. Habari ya msiba alipewa siku moja baada ya mtihani wa mwisho. Safari ilikuwa ndefu. Alifika siku ya tano ya msiba, akakuta kaburi limeshajengewa na viti vya kukodi vinapakiwa kwenye gari. Hakulia mbele ya watu. Alikaa wiki moja amempakata Karani, akarudi alikotoka, na tangu siku hiyo mguu wake haukukanyaga tena pale. Alipoolewa, baba yake aliiona harusi kwenye picha.

Msiba ule ulimnyang'anya Fundi watu wawili, na mmoja wao alikuwa hai. Kilichobaki kumuunganisha naye ni paka.

Aliyegundua kwanza kwamba Karani si mzima alikuwa Mama Pacha, jirani wa mlango wa pili, msusi aliyewasukia wateja wake barazani na kuona kila kitu kilichopita uani.

"Fundi," alisema siku moja, meno yamebana kitana, "paka wako anakunywa maji kama lori bovu."

Kweli. Bakuli lililokuwa likitosha siku mbili sasa lilikauka kabla ya mchana. Sanduku la mchanga lililowekwa pembeni lililowa chapachapa. Fundi alipompapasa mgongoni vidole vilipita juu ya mifupa kama vinavyopita juu ya uti wa kitabu kisicho na jalada. Manyoya yaliyokuwa yanang'aa yalikuwa yamesimama vishungi vishungi. Asubuhi Karani alitapika povu jeupe, na mdomo wake ulitoa harufu kali ya mkojo.

Fundi alimtia kwenye boksi la karatasi, akalitoboa matundu kwa sindano yake ya kazi, akampeleka kwa daktari wa mifugo. Daktari alikuwa dada mdogo kwa umri, mwenye chumba nyuma ya duka la chakula cha kuku. Wengi wa wagonjwa wake walikuwa mbuzi na mbwa wa ulinzi. Alimnyoa Karani kipande cha mguu, akamtoa damu, akamwambia mzee arudi keshokutwa. Keshokutwa alimkuta na karatasi mkononi.

"Mzee, ni figo."

"Zitapona?"

"Figo haziponi. Sehemu iliyokufa imekufa. Iliyobaki inabeba mzigo wa yote, na imechoka. Siwezi kukudanganya, hapa hatuponyi, tunasindikiza."

"Kwa muda gani?"

"Miezi. Ukimtunza vizuri, pengine inafika mwaka. Hilo liko mikononi mwako kuliko mwangu."

Daktari alimwonyesha. Kila baada ya siku moja Karani alitakiwa kuwekewa maji ya dripu chini ya ngozi, kiasi cha nusu kikombe, kwa sababu figo zake zilikuwa zinamwaga maji mengi kuliko aliyoweza kunywa. Unainua ngozi ya mabegani kwa vidole viwili mpaka isimame kama hema, unaingiza sindano kwenye upenyo wa hema, unafungua mpira, unasubiri. Chakula kisiwe na chumvi. Samaki mkavu, ambaye Karani angeweza kuuza roho kwa ajili yake, marufuku. Apewe kuku aliyechemshwa, kidogo, na ute mweupe wa yai, na nusu kidonge cha kichefuchefu kabla ya kula.

Mara ya kwanza nyumbani sindano iliingia upande huu ikatokea upande wa pili, na maji yote yakamwagikia manyoya na suruali ya Fundi. Mama Pacha, aliyekuwa ameombwa kumshika mgonjwa, alicheka hadi akakaa chini.

"Mume wangu akiumwa kichwa namwambia anywe maji akalale," alisema. "Wewe paka unamtundikia dripu!"

Mara ya pili ilikubali. Fundi alikuwa ameshika sindano tangu ujana wake, na mkono wake ulijua kupita kwenye kitu chembamba bila kukichana. Alipigilia msumari ukutani juu ya meza ya kazi, akatundika mfuko wa dripu. Kabla ya hapo aliuweka mfuko ndani ya beseni la maji ya moto mpaka uwe vuguvugu, maana maji ya baridi yalimfanya Karani atetemeke. Paka alikaa mbele yake juu ya rundo la karatasi, masikio yamelala, akinung'unika, lakini hakukwaruza. Maji yakiisha, nundu laini ilimteremkia begani hadi kwenye kiwiko, akatembea chumbani mabega juu kama mwizi aliyeficha mkate ndani ya koti.

Fundi alishona daftari dogo kwa ajili ya kazi hiyo. Kila siku aliandika: uzito, kwa mizani yake ya kupimia karatasi, maji, chakula, ametapika au hajatapika, na siku ya dripu, sindano imeingia begani kulia au kushoto. Karatasi ya majibu ya damu aliibandika ukurasa wa kwanza.

Jumapili ya kwanza baada ya majibu, simu iliita saa nne kama kawaida.

"Karani hajambo?"

Fundi alifungua mdomo. Paka alikuwa amelala mbele yake, kipande cha mguu kilichonyolewa kikionyesha ngozi ya waridi.

"Hajambo," alisema. "Yuko nje anaota jua."

Alipokata simu alimkuta Mama Pacha amesimama mlangoni na sufuria ya ute wa yai.

"Nimesikia," Mama Pacha alisema. "Mwambie mtoto."

"Yuko mbali. Ana kazi zake. Atafanya nini zaidi ya kulia?"

"Basi alie. Machozi ni yake, si yako."

"Nitamwambia akipata nafuu."

"Akipata nafuu utamwambia nini sasa?"

Fundi alipokea sufuria, akashukuru, akafunga mlango. Hakuwa mjinga. Alijua anarudia lile lile lililomgharimu. Lakini alijua pia kwamba simu zile zilikuwa za paka. Siku paka atakapokuwa mgonjwa, zitakuwa simu za maswali, za nani alichelewa na nani hakuona. Na siku paka atakapokufa, Jumapili itakuwa siku kama Jumatatu. Kwa hiyo alinyamaza, akajiambia kwamba ananyamaza kwa ajili ya mtoto.

Aliendelea hivyo miezi tisa. Binti alipotaka kumwona Karani kwa picha ya simu, aliambiwa kamera imepasuka. Aliposikia sauti ya paka imekwaruza, akauliza mbona imekuwa nzito, baba alisema, "Uzee, mama. Hata mimi," na hilo angalau lilikuwa kweli. Wakati huo huo hakuna mgonjwa aliyehudumiwa vizuri zaidi katika mtaa ule. Fundi aliacha kwenda kwenye misiba ya mbali ili asikose siku ya dripu. Alijifunza kujua kwa kumtazama tu Karani akiinamia bakuli kama atakula au atageuza kichwa. Alijifunza kumpa kidonge kwa kukisaga na kukichanganya na mchuzi wa kuku. Kuna wiki Karani aliongezeka uzito wa kurasa kumi, kama Fundi alivyoandika mwenyewe, na siku hiyo alimwita Mama Pacha aje asome mizani.

Kisha mizani ikaanza kurudi nyuma, na haikugeuka tena. Karani aliacha kuku, akaacha yai. Mwisho Fundi alimwekea samaki mkavu aliyekatazwa miezi yote ile, naye akamnusa, akageuza uso. Jumamosi moja asubuhi alijaribu kusimama, miguu ya nyuma ikakataa. Fundi alimpigia daktari, naye akaja kwa miguu na mkoba wake.

Alimgusa paka tumboni, akamwangalia ufizi, akakaa kwenye kigoda.

"Mzee, tumefika getini. Naweza kumpumzisha, au tunaweza kumwacha amalize mwenyewe. Akimaliza mwenyewe atateseka siku mbili tatu."

"Hiyo ya kumpumzisha inauma?"

"Sindano tu. Kama zile unazompiga wewe."

Fundi alimpakata Karani mapajani, mahali ambapo madaftari ya shule hulala wakati wa kushonwa mgongo, na akamshika mpaka mwisho. Daktari alikunja stethoskopu yake, akasema wagonjwa wake wengine wangepata nusu ya matunzo yale wangeishi zaidi. Fundi alimzika Karani nyuma ya kamba za nguo, kwa ruhusa ya mwenye nyumba, ndani ya kitambaa cheusi cha kutengenezea majalada.

Kesho yake ilikuwa Jumapili.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mama."

"Karani hajambo?"

"Hajambo."

Ulimi uliwahi kabla ya moyo. Alipotaka kuurudisha, binti alikuwa ameshaendelea kusema, na kwa sauti ya furaha ambayo Fundi hakuwa ameisikia kwa miaka.

"Baba, nimepata likizo. Wiki mbili. Tiketi nakata wiki hii. Nataka nimwone Karani kabla uzee haujamchukua."

Fundi aliegemea meza. Neno moja lilitosha. Angelisema, na tiketi isingekatwa.

"Karibu nyumbani," alisema.

Alipaka chumba cha ndani chokaa. Alinunua shuka mpya mbili na kikombe kisicho na ufa. Jumapili zilizofuata aliulizwa swali lile lile, akajibu jibu lile lile, na kila mara lilikuwa zito zaidi kinywani.

"Unamwalika mtoto kwenye msiba bila kumwambia ni msiba," Mama Pacha alimwambia.

"Akifika atajua."

"Ndiyo, akifika atajua. Huo ndio ubaya wake, Fundi."

Binti alifika Alhamisi asubuhi kwa teksi, na sanduku dogo na mfuko. Alikuwa amenenepa kidogo, na nywele mbili tatu nyeupe zimejitokeza juu ya sikio, kama mama yake. Alisema shikamoo, akampa baba mkono. Fundi alitaka kumshika kichwa kama zamani, lakini mikono yake ilikuwa na gundi, au alijiambia hivyo. Kutoka kwenye mfuko ule binti alitoa chakula cha paka cha makopo na kitana kidogo.

"Karani! Karani wee!"

Alipiga kidole. Alichungulia chini ya meza, akaingia chumba cha ndani, akapiga magoti na kutazama uvunguni. Fundi alibaki mlangoni. Alimsikia akiita mara ya tatu, kwa sauti ya chini, halafu akamwona anainuka taratibu.

"Yuko wapi?"

"Kaa kwanza, mama."

Binti hakukaa. Hilo "kaa kwanza" alilijua.

"Lini?"

"Wiki sita."

"Wiki sita." Midomo yake ilikuwa inahesabu. "Jumapili sita umeniambia hajambo. Umenileta hapa kwa paka aliyekufa."

"Nilitaka kukuona."

"Ungesema hivyo."

"Ungekuja?"

Binti aliangalia ukutani, akauona msumari na alama ya maji iliyochuruzika chini yake.

"Alikufa kwa nini?"

"Figo."

Binti alicheka, kicheko kibaya, kifupi. "Baba, mimi nafanya kazi gani?"

"Maabara."

"Maabara nafanya nini?"

Fundi alitafuta. Hakuwahi kuuliza.

"Napima figo," binti alisema. "Kutwa nzima napima figo za watu nisiowajua. Hiyo ndiyo kazi yangu. Ungeniambia namba moja tu kwenye simu, moja, ningejua yuko wapi na anahitaji nini. Ningekuletea dawa. Ningekuja wakati bado yuko hai."

Fundi alifanya lile aliloliweza. Alivuta droo, akampa daftari.

Binti alikaa kwenye kigoda cha kazi, akalisoma ukurasa kwa ukurasa. Alisoma muda mrefu. Nje Mama Pacha alikuwa ameacha hata kuwaongelesha wateja. Kisha binti akaanza kuuliza, bila kuinua macho.

"Maji ulikuwa unayapasha moto?"

"Vuguvugu. Ya baridi yalimtetemesha."

"Hapa mwezi wa tano aliongezeka. Ulibadilisha nini?"

"Kidonge. Nilianza kukisaga kwenye mchuzi."

"Nani alikufundisha?"

"Mwenyewe."

"Vizuri," alisema, kama anavyomwambia mfanyakazi mwenzake. Wakaendelea hivyo, yeye anauliza, baba anajibu, maneno mengi kuliko yaliyopita kati yao kwa miaka tisa. Fundi alifikiri pengine limepita. Aliinuka akaweka maji ya chai jikoni.

Aliporudi, binti alikuwa amefika ukurasa wa mwisho na daftari limefungwa mapajani.

"Kila siku," alisema. "Miezi tisa, hukuruka hata siku moja. Daftari uliliambia kila kitu. Mimi ukashindwa kuniambia neno moja."

"Nilidhani..."

"Usiniambie ulichodhani. Ulichodhani nakijua tangu mama." Aliweka kiganja juu ya daftari. "Niliwahi kukuuliza kama mama aliniulizia. Ulisema alikuwa amelala tu."

"Ndiyo."

"Alikuwa amelala tu?"

Maji yalichemka jikoni na hakuna aliyekwenda. Fundi angeweza kusema ndiyo. Lilikuwa jibu la miaka tisa, limeshakomaa, na hakuna aliye hai wa kulipinga. Alitazama mikono yake.

"Alikuulizia," alisema. "Mara mbili. Ya kwanza nilimwambia una mtihani, akanyamaza. Ya pili alisema, 'Mwite mwanangu.' Nikamwambia nimeshakupigia, uko njiani."

"Na hukunipigia."

"Sikukupigia."

"Akasema nini?"

"Alisema niufungue mlango, usije ukagonga nisikusikie."

"Ukaufungua?"

"Nikaufungua."

"Ulikaa wazi muda gani?"

"Siku mbili," Fundi alisema. "Mpaka alipokufa."

Binti alisimama. Hakupiga kelele; angepiga, ua mzima ungesikia, na hakuna aliyesikia kitu. Alichukua sanduku lake, ambalo lilikuwa halijafunguliwa hata zipu, akaweka daftari ndani ya mkoba wake. Makopo ya chakula cha paka na kitana aliviacha mezani. Mlangoni baba alimwambia ale hata chai. Alisema, "Hapana, baba," kwa adabu, kama anavyojibiwa mtu usiyemjua, akapita mbele ya Mama Pacha, akamwamkia, akatoka getini. Alilala nyumba ya wageni na kesho yake akabadilisha tiketi.

Fundi alikaa Jumapili saba bila simu. Alikuwa ametabiri hivyo hivyo, na kutabiri hakukumsaidia chochote. Mama Pacha alimletea chakula, na safari hii hakumtania.

Jumapili ya nane saa nne simu iliita. Hakukuwa na shikamoo.

"Ule mlango. Ulikuwa wa chumbani au wa mbele?"

"Wa mbele," Fundi alisema.

"Kutoka kitandani alikuwa anauona?"

"Nilimgeuzia kitanda auone."

"Sawa," binti alisema, na simu ikakatwa.

Tangu hapo hupiga karibu kila Jumapili. Huuliza swali moja, siku nyingine mawili, yote ya zile wiki kumi na moja. Nani alimwogesha mama. Alilala ubavu gani. Shangazi alikuja mara ngapi na alisema nini. Alipokuwa anaambiwa mwanao ana mitihani, aliamini? Akishajibiwa husema sawa, anakata. Mama Pacha anasema ni heri, mtoto amerudi. Fundi anajua hajarudi. Amekuja kuchukua kilicho chake, kipande baada ya kipande, kutoka kwa mtu aliyekificha. Jumapili asubuhi Fundi hushindwa kunywa chai, na zipo Jumapili ambazo angetamani simu isiite. Lakini huipokea mlio wa kwanza, na hajamdanganya tena.

Wiki chache zilizopita aliulizwa mama alisema nini siku ya mwisho.

"Sikumbuki," Fundi alisema, na ilikuwa kweli.

"Kumbuka. Nitapiga Jumapili."

Wiki ile madaftari ya shule yalikaa bila kushonwa. Fundi alikaa dirishani akiirudisha siku ile saa kwa saa: nani aliingia, jua lilikuwa wapi, nini kilikuwa jikoni. Ijumaa ilimjia, kitu kidogo, hata akaona aibu kukisema. Jumapili alikisema.

"Alilalamika supu haina chumvi."

"Ulimwongezea?" binti aliuliza.

"Hapana," Fundi alisema. "Daktari alikuwa amekataza."